Musa Amekufa Mara Mbili

Ikifika siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa sikukuu, hata mtu wa dini hutamani dini ikae chini kidogo ipumue. Tulikuwa tumemaliza siku mbili za Mwaka Mpya, kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, na keki za asali mpaka meno yakauma. Sabato ya Toba ilikuwa imeangukia siku ya fainali ya mpira, hivyo wanaume wakatubu mbio mbio ili wawahi. Siku ya Upatanisho ilitupitisha saa ishirini na tano bila tone la maji. Ikaja Sikukuu ya Vibanda, wiki nzima ya kula nje katika upepo wa Oktoba wa Melbourne, upepo unaopeleka sahani za karatasi kwa jirani na kukuletea mvua ndani ya supu. Sasa tulikuwa tumefika siku ya mwisho kabisa, Furaha ya Torati, ambayo amri yake ni moja tu: kufurahi. Tulifurahi kama watu wanaopandisha kabati ghorofani.

Mimi nilikuwa nimechoka kuliko wote, au ndivyo nilivyoamini, na nilikuwa na jambo langu ambalo ilikuwa lazima liishe kabla neno la kwanza la kitabu cha Mwanzo halijasomwa.

Jambo lenyewe ni karatasi. Sinagogi letu ni dogo, jengo la matofali mekundu nyuma ya Barabara ya Glen Huntly. Halina rabi. Tunaye Mzee Moniek Zylber, ambaye ni msimamizi, msomaji, fundi wa bomba na mwenye funguo. Kila Sabato, mtu akiingia hupewa karatasi moja. Mbele kuna saa za sala na majina ya wagonjwa. Nyuma kuna maneno machache ya kuchekesha juu ya fungu la Torati la wiki hiyo. Upande huo wa nyuma uliandikwa na baba yangu, Ajzyk Korn, kwa miaka ishirini na tisa. Baba hakuwa msomi, alikuwa mshona makoti, na pengine ndiyo maana watu walimsoma. Aliwahi kuandika kwamba Nuhu alikaa mwaka mzima ndani ya nyumba moja na mke, wana watatu na wakwe zao, dirisha likiwa moja, na kwamba asishangae mtu kusikia kuwa jambo la kwanza alilofanya aliposhuka ni kupanda zabibu.

Julai ya mwaka jana Baba alifariki, siku ya Jumatano, na mezani kwake tukakuta sentensi nusu. Fungu la wiki hiyo lilikuwa la Balaamu, yule nabii aliyempiga punda wake mara tatu kwa sababu punda alimwona malaika njiani na nabii hakumwona. Baba alikuwa ameandika: "Hii inatufundisha kwamba katika kamati yoyote," kisha mkato, kisha basi.

Tulimzika kesho yake. Jioni nikiwa nimekaa kwenye kiti kifupi cha matanga, nguo imechanwa kifuani, Moniek aliinama sikioni kwangu akaniuliza kwa aibu kama kuna chochote cha kuchapa. Nikaomba kalamu, nikaimalizia sentensi: "anayepigwa ni yule aliyeona." Wiki iliyofuata akaniuliza tena. Hakuna aliyenikabidhi kazi ile. Nilijikuta nayo mikononi, kama mtu aliyeambiwa nishikie mtoto dakika moja, na mama wa mtoto hajarudi hadi leo.

Ilikuwa miezi kumi na mitano sasa. Mchana napima macho ya watu katika duka la miwani. Alhamisi jioni narudi nyumbani na kutafuta kichekesho ndani ya Mambo ya Walawi. Ukitaka kuharibu mapenzi yako na kitabu, kidai kikuchekeshe kila wiki. Nilifika mahali ambapo Torati ikisomwa mimi sisikii neno. Nakaa tu kama mlinzi wa mlangoni anayepekua mifuko: hiki kinafaa, hiki hakifai, pita.

Nilitaka kuacha. Lakini sisi tuna ugonjwa wetu: Torati tunaisoma fungu kwa fungu mwaka mzima, wala hatuiachi katikati. Ukishaanza kuumba mbingu na nchi, umejifunga mpaka Musa afe. Mlango wa kutokea hufunguliwa mara moja kwa mwaka, asubuhi ya Furaha ya Torati, baada ya mstari wa mwisho wa Kumbukumbu la Torati na kabla ya mstari wa kwanza wa Mwanzo. Hukaa wazi kwa muda wa kulivika gombo moja joho lake na kulivua jingine. Dakika tatu, tena kama Moniek ana kikohozi.

Nilikuwa nimemwambia tangu kabla ya Mwaka Mpya. Akanijibu, "Tutaongea baada ya sikukuu." Hilo ndilo jibu la kila mtu kwetu kuanzia Septemba. Paa linavuja, baada ya sikukuu. Jino linauma, baada ya sikukuu. Nina mjomba aliyemwambia mchumba wake hivyo, na yule dada akaolewa na mtu mwingine kabla vibanda havijabomolewa. Katikati ya wiki ya Vibanda nilimkumbusha Moniek, akanipa kipande cha ndimu ya sikukuu ninuse. Baada ya sikukuu maana yake ni Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku ya karatasi. Mzee alijua anachofanya.

Na yeye alikuwa na jambo lake la baada ya sikukuu. Mwezi wa Mei nilimpima. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limefunga ukungu kama dirisha la bafuni. Nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akauliza habari za mama. Miaka arobaini na moja amesoma Torati kila Sabato mbele yetu, na wengi hawakujua kwamba sasa alikuwa akisoma kwa kichwa, kidole cha fedha cha kuonyeshea mistari kikitembea juu ya ngozi ya gombo kwa mazoea tu, mara nyingine mstari mzima nyuma ya sauti yake. Mimi nilijua. Naye alijua kwamba najua. Hatukuwahi kulisema.

Asubuhi ile tulicheza mizunguko saba. Wanaume walikuwa kumi na wanne, magombo mawili, na goti zima nadhani lilikuwa moja. Lutek Grynbaum, aliyekuwa mwuza nyama kabla hajastaafu, alilibeba gombo la kwanza huku akimweleza kila aliyempita habari za ngiri yake. Upande wetu wa wanawake, nyuma ya kizuizi cha mbao, Bibi Hela mwenye miaka tisini na miwili alikuwa amevua viatu na kunilisha tofi moja baada ya nyingine, kwa nguvu, kama anayenitilia mafuta. Kila baada ya mzunguko chupa ya wiski ilizunguka nayo. Watu wawili walitoka nje kuangalia magari yao, ambayo, kwa kuwa siku takatifu haturuhusiwi kuendesha, yalikuwa yameegeshwa mtaa wa pili kama kawaida ili Moniek asiyaone, na Moniek kama kawaida hakuyaona.

Kisha wakasoma. Mwanamume mmoja mmoja aliitwa mezani, mpaka wakabaki na mistari ya mwisho, na Lutek akapewa heshima ya kuwa bwana arusi wa Torati. Musa alipanda mlimani, akaonyeshwa nchi yote, akafa bila kuingia. Moniek alilisoma hilo macho yakiwa yamefumbwa. Sote tukasimama, tukaitikia maneno ya kutiana nguvu, ya kila mwisho wa kitabu, kwa sauti ya watu ambao nguvu yenyewe ilikwisha Jumatatu.

Mlango ulikuwa umefunguka. Nilisogea mpaka kwenye kizuizi, nikamwita Moniek kwa sauti ya chini, nikamwambia Mzee, ni sasa. Alinikoholea. Akamwashiria Lutek alifungue gombo la pili.

Lutek alilivua joho, akalikunjua, akainama juu yake. Halafu akanyamaza, na mtu huyo hana tabia hiyo.

"Moniek," akasema hatimaye. "Musa amekufa tena."

Kilichotokea ni hiki. Haturuhusiwi kutumia siku takatifu moja kuandaa siku takatifu inayofuata, kwa hiyo Moniek alilazimika kungoja giza liingie na mizunguko ya mkesha iishe ndipo ayaweke magombo sawa, peke yake, amechoka, na wiski kidogo kichwani. La kwanza alilipeleka mwisho, ndivyo inavyotakiwa. La pili lilipaswa kurudi mwanzo kabisa. Lakini mikono iliyosogeza Torati mbele kila wiki kwa miaka arobaini na moja ilifanya ile kazi inayoijua: nayo ikalipeleka mbele. Safu ya mwisho ya kitabu na safu ya kwanza ni tofauti kama mlango na dari. Mtu mwenye macho angeona. Yeye alifunga, akavika joho, akaenda kulala.

Basi tulikuwa na magombo mawili, na Musa amelala mauti katika yote mawili, na ulimwengu haujaumbwa popote. Hakukuwa na njia ila kuizungusha Torati nzima kutoka mwisho hadi mwanzo, safu kwa safu, pole pole, maana ngozi ina umri wa miaka mia na ikichanika hakuna wa kuishona kabla ya Pasaka. Dakika arobaini, labda zaidi. Na samaki walikuwa mezani ukumbini.

Kwetu kuungojesha umma ni kosa kubwa. Wasimamizi wa masinagogi huota ndoto mbaya juu yake. Moniek alishika ukingo wa meza, na rangi ya uso wake ikawa ya ile ngozi.

"Wana wa Israeli walikaa miaka arobaini jangwani wakafika," Lutek akasema. "Wewe arobaini na moja umeturudisha Misri."

Watu walicheka kichovu. Moniek hakucheka. Alinigeukia, akasema kwa sauti ndogo, lakini nyumba ilikuwa kimya na kila mtu akasikia: "Mirla. Njoo uwe macho yangu."

Hakuna mwanamke anayepita kile kizuizi wakati wa kusoma. Mtu mmoja alisafisha koo. Bibi Hela akanisukuma mgongoni kwa kiganja chenye tofi.

"Nenda, binti. Kama Mungu ana neno juu ya hilo, atalisema baada ya sikukuu."

Nikaenda. Moniek alishika mti wa kulia wa gombo, ulionenepa kwa Torati yote, Lutek akashika wa kushoto, uliokuwa mkavu. Wakaanza. Kazi yangu ilikuwa kuangalia ngozi isikunjike na kusema tuko wapi. Mti wa kulia ulipoanza kukonda na wa kushoto kuota tumbo, nilitambua kwamba nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mlango wa dakika tatu ulikuwa umeachwa wazi dakika arobaini. Lakini pia niliuona ukijifunga, mzunguko kwa mzunguko, mbele ya macho yangu.

Safu mbili nyembamba zikapita, nikasema huo ni Wimbo wa Musa. Kisha laana, zile ndefu zinazosomwa kwa kunong'ona. Mtu mmoja nyuma yangu akakumbuka kwamba wiki ya laana mwaka mmoja Baba alichapa karatasi kwa herufi ndogo mno zisizosomeka, ili nayo inong'one. Wakacheka. Mwingine akakumbuka sheria ya kujenga ukuta juu ya dari asianguke mtu, na jinsi Baba alivyoandika kwamba Bwana aliijua halmashauri yetu ya jiji miaka elfu tatu kabla. Walikuwa wakisogea mezani mmoja mmoja, glasi mkononi. Tukaingia katika Hesabu, zile kambi arobaini na mbili walizopiga jangwani, na mzee aliyekuwa dereva wa tramu akaisema karatasi ya Baba kwa kichwa: kambi arobaini na mbili, na mpaka leo hakuna aliyekiri kwamba ni yeye aliyeshika ramani.

Mimi nilisimama nikisikiliza. Nilidhani karatasi zile hutumika kufungia mifupa ya samaki.

"Balaamu," nikasema, maana ndipo tulipokuwa.

"Ah, punda," Lutek akasema, akaacha kuzungusha. "Hii ndiyo bora kuliko zote. Katika kamati yoyote, anayepigwa ni yule aliyeona. Mimi nimekaa kwenye kamati ya jengo hili miaka kumi na minane, naijua hiyo kwa mgongo wangu. Baada ya hapo, samahani, binti, karatasi haijachekesha tena. Ajzyk ni Ajzyk. Wewe unajitahidi."

"Nusu ya kwanza ni yake," nikasema. "Ile inayokuchekesha ni yangu. Niliiandika tumetoka kumzika."

Lutek alinitazama. Akazungusha mti wake mizunguko mitatu bila neno. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni kama kupiga magoti.

Mambo ya Walawi yaliwachosha wengine, kama kawaida yake. Safu baada ya safu za damu, mafuta na ukoma, hakuna wimbo, hakuna pengo la kupumzisha jicho. Mtu fulani alikumbusha kwamba wiki mbili za magonjwa ya ngozi Baba hakuandika kichekesho, alichapa namna ya kupika saladi ya matango, kwa kuwa hakuna atakayekuwa na hamu ya kula na lazima wasaidiwe. Kutoka kwenye benchi lake Bibi Hela akatangaza kwamba saladi hiyo ilikuwa mbaya, siki nyingi. Wakatawanyika kwenda kwenye chupa. Mezani tukabaki watatu.

"Mzee," nikasema, "mimi nimemaliza. Si baada ya sikukuu. Sasa, kabla hujafika Mwanzo."

Aliendelea kuzungusha. "Baba yako naye alikuwa akiniacha," akasema. "Kila mwaka. Siku hii hii, amesimama hapo hapo uliposimama. Mara ishirini na tisa."

Hilo sikulijua. Kwa miezi kumi na mitano nilijiona mtu wa kwanza katika nyumba yetu kuchoka, na nilibeba aibu ya kuchoka pamoja na uchovu wenyewe, mizigo miwili kwa bega moja.

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Tutaongea baada ya sikukuu." Alitabasamu kidogo kwa kumbukumbu hiyo. "Na sikukuu zikiisha, anasahau."

"Hakusahau. Alichoka kukuomba."

Mti wa kulia ukasimama. Lutek akainua macho darini na kuyaacha huko, kama mtu aliyenaswa kwenye lifti na mke na mume wanaogombana.

Niliona nimempiga mzee siku ya furaha, mbele ya Torati iliyofunuliwa, na bado sikutaka kuyarudisha maneno. Moniek alikuwa akiipapasa ngozi mahali palipo wazi pembeni, pasipo na maandishi.

"Mimi nilidhani anaipenda kazi ile," akasema.

"Aliipenda. Alicheka peke yake jikoni, tulikuwa tunamsikia. Na Alhamisi alikuwa hali chakula cha jioni mpaka imalizike, na siku nyingine haimaliziki mpaka Mama amelala. Ulipaswa kumwuliza hata mara moja, Mzee. Kumwuliza tu."

Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelificha tangu Mei.

"Wewe ukiacha, watauliza na mimi nangoja nini."

"Wameshauliza leo," Lutek akasema, macho bado darini.

Moniek akatoa sauti ya puani ambayo kwa siku za kawaida ndiyo kicheko chake. Akaushika mti. Tukaendelea.

Kitabu cha Kutoka kilipita haraka zaidi, au watu walikuwa wamelewa vya kutosha. Vipimo vya hema vikapita, vile vilivyoandikwa mara mbili, kwanza kuagizwa kisha kutekelezwa, na mtu akasema sentensi ya Baba kwamba hiyo ni dalili ya mwenye nyumba aliyewahi kuajiri mafundi. Ilikuwa yangu, ya Machi mwaka huu. Sikumsahihisha. Tulipofika Bahari ya Shamu wote walirudi mezani bila kuitwa, kwa sababu pale maandishi yamepangwa kama matofali ya ukuta, na hata asiyejua kusoma huona kwamba kuna kitu kimetokea. Moniek aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia ngozi. "Hii naiona," akasema. Nadhani aliona weusi na weupe tu. Kwa mahali pale inatosha.

Kisha Yusufu na ndugu zake, Yakobo na wake zake, Isaka, kisima, kisima kingine. Mti wa kulia ulikuwa mwembamba kama mkono wangu. Mnara, Nuhu, gharika. Ukawa kama kidole. Nikaona ule ukingo mtupu wa ngozi, na baada yake safu ya kwanza ya vyote.

"Tumefika," nikasema.

Nilitarajia akohoe. Badala yake Moniek alipiga meza kwa kiganja, mara mbili, kama anavyofanya akitaka kimya. Watu wakanyamaza, pamoja na Bibi Hela, ambaye kwa kawaida huendelea.

"Kabla hatujaanza," akasema. "Nimewangojesha, naomba radhi. Na lingine. Upande wa nyuma wa karatasi umekamilika. Ajzyk Korn aliuandika, na Mirla binti yake akaumaliza. Tunamshukuru. Kuanzia Sabato hii hauna mwandishi."

Mtu akauliza nani atauandika basi.

"Hakuna. Utakuwa mweupe."

"Ninaweza kujaribu mimi," Lutek akasema.

"Utakuwa mweupe, Lutek."

Nilirudi nyuma ya kizuizi, nikakaa. Bibi Hela aliniangalia, akaona hali yangu, akarudisha tofi kwenye pochi.

Moniek akaanza kusoma Mwanzo kwa kichwa, na sasa kila mtu alijua kwamba anasoma kwa kichwa, na hakuna aliyesema kitu. Lutek alisimama karibu naye, kidole juu ya ngozi, akifuatisha kwa jicho lake ili pawepo angalau mmoja anayeona. Kila siku ya uumbaji ikiisha umma wote huitikia: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Tuliitikia siku ya kwanza kwa sauti iliyokwaruza. Siku ya tatu tulikuwa tunaegemea. Siku ya tano mtu mmoja alipiga miayo katikati ya neno la asubuhi na likatoka refu mno.

Nilikuwa nasikiliza. Nilishtuka kugundua hivyo. Nuru, maji, nyasi, samaki, vilipita kimoja kimoja, wala sikuwa nimesimama mlangoni kupekua. Ilipofika siku ya saba, Bwana akapumzika baada ya kazi yake yote, kichekesho kikanijia chenyewe. Kilikuwa juu ya siku sita na siku ishirini na tatu, kizuri tu, pengine kizuri kuliko vyote vya mwaka ule. Mkono wangu hata ulitafuta kalamu, ambayo siku kama ile hairuhusiwi kushikwa. Kisha nikakumbuka, nikakiacha kipite. Sasa sikikumbuki vizuri.

Ukumbini samaki wa siki walikuwa wamepata joto na viazi vimepoa. Watu walikula wamesimama, maana walijua wakikaa hawatainuka. Niliikuta nafasi mezani karibu na Moniek. Alikuwa akitafuta uma wake kwa vidole, nikamsogezea.

"Sikukuu zinaisha leo saa mbili na nusu usiku," nikamwambia.

"Najua zinaisha lini. Mimi ndiye niliyeandika upande wa mbele."

"Barua ya daktari uko nayo?"

Alijigusa kifua, juu ya koti la sikukuu. Ilikuwa humo, imekunjwa mara nne, imekaa humo tangu Mei.

"Kesho ni Alhamisi," nikasema. "Jioni sina cha kuandika, na asubuhi duka linafunguliwa saa nne. Nitampigia simu mwenyewe. Nitakupeleka mwenyewe."

"Tutaongea baada ya," akaanza, akasimama hapo. Akatafuna samaki wake taratibu mpaka akamaliza, akafuta mdomo, akageukia upande niliokuwepo.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.